Trekta Lililolipiwa Mara Mbili: Misaada ya Uchumi Kama Silaha Dhidi ya Ukomunisti

Mkulima wa Ufaransa aliyepata trekta la Kimarekani mwaka 1949 kupitia Mpango wa Marshall, yaani msaada wa Marekani wa kufufua uchumi wa Ulaya baada ya vita, hakulipata bure. Alilinunua kwa faranga zake kutoka kwa muuzaji wa kawaida. Kiwanda kilichounda trekta hilo nacho kilikuwa kimekwisha kulipwa, lakini kwa dola zilizotoka katika hazina ya Washington, yaani kwa kodi za Wamarekani. Chombo kimoja kililipiwa mara mbili kwa sarafu mbili tofauti, na faranga za mkulima hazikuvuka bahari kwenda Marekani. Ziliingia katika akaunti maalumu ya serikali yake mwenyewe, ambayo haikuweza kuzitumia mpaka ikubaliane na maofisa wa Kimarekani waliokuwa na ofisi zao Paris. Akaunti hiyo inatufundisha mengi kuliko hotuba za viongozi juu ya namna msaada wa uchumi ulivyotumika dhidi ya ukomunisti, sababu za kufaulu kwake Ulaya Magharibi, na sababu za utaratibu huo huo kuleta matokeo tofauti kabisa ulipohamishiwa kwingine.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, nchi za Ulaya zilihitaji ngano, makaa ya mawe, pamba na mashine, na mahali ambapo vitu hivyo vingepatikana kwa wingi palikuwa Marekani peke yake. Marekani ilitaka kulipwa kwa dola. Dola hupatikana kwa kuuza bidhaa nje, na Ulaya, iliyokuwa na viwanda vilivyobomolewa, reli zilizokatika na vitega uchumi vya ng'ambo vilivyouzwa kulipia vita, haikuwa na cha kuuza cha kutosha. Majira ya baridi ya 1946 na 1947 yalizidisha dhiki hiyo. Nchini Uingereza makaa ya mawe yalipungua hata viwanda vikafungwa kwa wiki kadhaa, na mkate ulikuwa umewekwa kwenye mgawo tangu Julai 1946, jambo ambalo halikufanyika wakati wowote wa vita yenyewe. Nchi iliyohesabiwa kuwa mshindi ilikuwa inapimiwa mkate.

Katika hali hiyo vyama vya kikomunisti vilikuwa na nguvu ya halali. Jambo hili husahauliwa na wale wanaoueleza ukomunisti wa Ulaya Magharibi kana kwamba uliletwa na vifaru vya Kisovieti. Wakomunisti wa Ufaransa na Italia walikuwa wamejipatia heshima kubwa kwa kupigana na utawala wa Kinazi na wa kifashisti, waliongoza vyama vikubwa vya wafanyakazi, na walikuwa na mawaziri serikalini hadi Mei 1947. Katika uchaguzi wa Ufaransa wa Novemba 1946 chama chao kilipata zaidi ya robo ya kura zote na kuwa chama cha kwanza kwa wingi wa kura. Majeshi hayangeweza kuzuia chama kinachoingia madarakani kwa sanduku la kura. George Kennan, aliyekuwa akiongoza kitengo cha mipango katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, aliona mwezi huo wa Mei 1947 kwamba chanzo cha matatizo ya Ulaya hakikuwa shughuli za wakomunisti bali uharibifu wa vita katika uchumi na maisha ya jamii, na kwamba wakomunisti walikuwa wakiutumia udhaifu huo. Kwa hoja hiyo, aliyetaka kuwazuia wakomunisti alipaswa kushughulikia udhaifu wenyewe.

Hata hivyo hatua ya kwanza ilikuwa ya aina nyingine. Februari 1947 serikali ya Uingereza iliiarifu Marekani kwamba haikuwa tena na uwezo wa kuzisaidia Ugiriki na Uturuki, na kwamba msaada wake ungekoma mwisho wa Machi. Ugiriki ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya serikali na waasi walioongozwa na wakomunisti. Tarehe 12 Machi Rais Harry Truman alisimama mbele ya Bunge na kuomba dola milioni 400 kwa ajili ya nchi hizo mbili, akieleza kwamba Marekani ilipaswa kuyasaidia mataifa huru yanayopinga kutiishwa na vikundi vya watu wachache wenye silaha au na shinikizo la kutoka nje. Sehemu kubwa ya fedha hizo iliishia kwenye majeshi. Serikali ya Ugiriki ilishinda vita mwaka 1949, lakini mwaka huo huo Tito wa Yugoslavia, aliyekuwa amegombana na Stalin, aliwafungia waasi mpaka waliokuwa wakiutegemea. Kwa hiyo si haki kuuhesabu ushindi ule kuwa kazi ya dola peke yake.

Mpango uliofuata ulijengwa kwa lugha tofauti. Tarehe 5 Juni 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard, Waziri wa Mambo ya Nje George Marshall alisema kwamba siasa ya Marekani haikuelekezwa dhidi ya nchi au itikadi yoyote, bali dhidi ya njaa, umaskini, kukata tamaa na machafuko. Alizitaka nchi za Ulaya zikae pamoja, zipime mahitaji yao na kuandaa mpango wao wenyewe, kisha Marekani isaidie. Mwaliko haukuitaja nchi ya kuachwa nje. Umoja wa Kisovieti ulialikwa, na waziri wake Molotov alifika Paris mwishoni mwa Juni akiwa na ujumbe mkubwa wa wataalamu.

Siku chache baadaye aliondoka. Alichokikataa ni sharti kwamba nchi zote zitoe hesabu za uchumi wao na kupanga matumizi ya msaada kwa pamoja. Kwa Moscow, sharti hilo lilimaanisha kufungua madaftari ya nchi iliyoharibiwa na vita mbele ya mshindani wake, na kuziruhusu nchi za Ulaya Mashariki kurudisha uchumi wao upande wa magharibi. Kennan na wenzake walikuwa wamekwisha kulipima jambo hilo. Waliona ni afadhali mlango uachwe wazi ili Wasovieti, ikiwa hawataki, wajitoe wenyewe na kubeba lawama za kuigawa Ulaya. Chekoslovakia, iliyokuwa bado na serikali ya mseto, ilikubali mwaliko, halafu viongozi wake wakaitwa Moscow, na tarehe 10 Julai ikatangaza kwamba imejitoa. Polandi nayo ilikataa. Zikabaki nchi kumi na sita. Nafikiri siku hizo chache za Julai ziliufanya msaada kuwa mpaka wa kisiasa kabla hata ya gunia moja la ngano kupakiwa melini chini ya mpango huo.

Upande wa Washington, maneno ya Harvard kuhusu njaa na umaskini hayakutosha kulifungua pochi la Bunge. Chama cha Republican kilikuwa na wingi katika mabaraza yote mawili, na wabunge wengi hawakuona kwa nini mlipakodi wao agharimie nchi za mbali. Kilichobadili hali ni Februari 1948, wakomunisti walipotwaa madaraka yote mjini Prague. Wiki chache baadaye Jan Masaryk, waziri wa mambo ya nje wa Chekoslovakia, alikutwa amekufa chini ya dirisha la wizara yake. Sheria ya msaada ilitiwa saini na Truman tarehe 3 Aprili 1948. Wazungu wa Ulaya walielezwa kwamba mpango ni dhidi ya njaa, na wabunge wa Marekani wakaelezwa kwamba ni dhidi ya ukomunisti. Maelezo yote mawili yalikuwa ya kweli, ila yalilenga wasikilizaji tofauti.

Wiki mbili tu baada ya sheria hiyo kutiwa saini, Italia ilipiga kura. Muungano wa wakomunisti na wajamaa ulikuwa na matumaini halisi ya kushinda. Mwezi mmoja kabla, Marshall alitamka hadharani kwamba Waitalia wakichagua serikali inayoupinga mpango, Marekani itachukulia kwamba hawahitaji msaada wake. Raia wa Marekani wenye asili ya Italia walihamasishwa kuwaandikia barua jamaa zao, na shirika la ujasusi la CIA, lililokuwa limeundwa mwaka uliotangulia, lilipeleka fedha za siri kwa vyama vinavyopinga ukomunisti. Chama cha Christian Democrats cha Alcide De Gasperi kilipata zaidi ya asilimia 48 ya kura, na muungano wa mrengo wa kushoto ukapata asilimia 31. Uchaguzi huu mara nyingi hutajwa kama mfano safi wa nguvu ya msaada, na ndiyo maana unahitaji uangalifu. Kanisa Katoliki lilikuwa limetupa uzito wake wote upande mmoja, habari za Prague zilikuwa bado mbichi, na fedha za siri zilikuwa zimekwisha fika, wakati sehemu kubwa ya bidhaa za mpango wenyewe ilikuwa haijapakiwa bado. Kilichopigiwa kura kilikuwa ahadi ya msaada, pamoja na tishio la kuikosa.

Sasa turudi kwenye akaunti ile. Shirika lililosimamia mpango, lililoongozwa na Paul Hoffman, mkuu wa kampuni ya magari ya Studebaker, lilitoa sehemu kubwa ya msaada kama ruzuku isiyorudishwa. Serikali ya Ufaransa, kwa mfano, iliorodhesha mahitaji yake; shirika liliidhinisha; muuzaji wa Kimarekani alilipwa dola; bidhaa zikafika bandarini na kuuzwa kwa wafanyabiashara, viwanda na wakulima wa Ufaransa; na thamani yake kwa faranga ikawekwa akaunti maalumu. Asilimia 5 ya fedha hizo ilikuwa ya Marekani yenyewe, kwa gharama za uendeshaji, kwa ununuzi wa malighafi iliyoihitaji, na kwa uenezi wa habari kupitia filamu na maonyesho yaliyozunguka miji na vijiji. Sehemu yake iligharimia pia shughuli za siri za kisiasa. Asilimia 95 iliyobaki ilikuwa mali ya nchi husika, lakini matumizi yake yalihitaji ridhaa ya pande mbili.

Utaratibu huo ulitibu mambo mawili kwa mpigo. Uliiondolea nchi uhaba wa dola, na wakati huo huo ukaipatia serikali mtaji wa ndani bila kuchapisha noti na kuchochea mfumuko wa bei. Ufaransa ilizitumia faranga zake kwa ajili ya mpango wa Jean Monnet, mkuu wa mipango ya uchumi wa nchi hiyo, wa kufufua umeme, reli, migodi ya makaa ya mawe na viwanda vya chuma. Uingereza ilipunguza deni la serikali. Ujerumani Magharibi ilizikopesha kwa viwanda vyake kupitia benki ya KfW, iliyoanzishwa mwaka 1948, ikazipokea zikirudishwa na kuzikopesha upya, na mfuko huo uliozaliwa na Mpango wa Marshall upo mpaka leo. Ridhaa ya pande mbili nayo iliwapa Wamarekani sauti ndani ya bajeti za nchi nyingine. Serikali iliyokuwa ikilegea katika kudhibiti matumizi ingeweza kucheleweshewa faranga zake yenyewe mpaka ijirekebishe. Kwa mtu anayechunguza msaada kama chombo cha mamlaka, hapa ndipo penye uzito, kwa sababu mshiko wenyewe haukuwa kwenye dola zilizotolewa bali kwenye fedha za ndani zilizozalishwa nazo.

Masilahi ya mtoaji hayakusahauliwa. Sheria ilitaka nusu ya shehena isafirishwe kwa meli za Kimarekani, na miongoni mwa bidhaa zilizopelekwa ilikuwamo tumbaku nyingi, ambayo haikuwa hitaji la kwanza la watu wenye njaa ila ilikuwa na wabunge wenye nguvu nyuma yake.

Je, ulifaulu? Jumla yake ilifika kama dola bilioni 13 katika kipindi cha kuanzia 1948 hadi mwishoni mwa 1951, na Uingereza ndiyo iliyopata fungu kubwa kuliko zote, ikifuatiwa na Ufaransa. Kiasi hicho ni kikubwa, lakini kikilinganishwa na pato la nchi zilizopokea kilikuwa asilimia chache tu kwa mwaka. Uzalishaji wa viwanda mwaka 1951 ulikuwa umezidi ule wa kabla ya vita kwa zaidi ya theluthi. Hata hivyo ufufuaji ulikuwa umeanza katika nchi nyingi kabla ya shehena kufika, na Wazungu wenyewe ndio waliogharimia sehemu kubwa ya uwekezaji. Maelezo yanayoniridhisha zaidi ni kwamba msaada uliondoa kikwazo kimoja mahususi, yaani dola, katika wakati ambapo njia nyingine ya kukiondoa ingekuwa kupunguza chakula na mafuta ya wananchi waliokwisha kuchoka, huku migomo mikubwa ya Novemba na Desemba 1947 ikionyesha mambo yangeishia wapi. Serikali dhaifu zilipata miaka michache ya kupumua.

Jambo ambalo msaada haukulifanya ni kubadili imani za watu. Katika uchaguzi wa 1951 wakomunisti wa Ufaransa walipata tena takriban robo ya kura. Nchini Italia chama cha kikomunisti kiliendelea kukua kwa miongo kadhaa hata kikapata zaidi ya asilimia 34 mwaka 1976. Anayedhani kwamba shibe humfanya mtu aache siasa zake atapata shida kuzieleza takwimu hizi. Msaada uliwawezesha wapinzani wa ukomunisti kutawala vizuri kiasi cha kuaminika na wengi, na hilo lilitosha kuwaweka wakomunisti nje ya serikali bila kuwaondoa kwenye jamii.

Mfano wa Yugoslavia unaonyesha kwamba hata neno ukomunisti lilikuwa na maana pana katika vichwa vya watunga siasa. Tito alipotengwa na Stalin mwaka 1948, Marekani haikusubiri aache itikadi yake. Ilianza kumpatia mikopo na chakula kuanzia 1949, na ukame wa 1950 ulipoharibu mazao, Bunge lilipitisha sheria ya msaada wa dharura kwa nchi iliyotawaliwa na chama cha kikomunisti. Kilichokuwa kikizuiwa, basi, kilikuwa kwanza kabisa mamlaka ya Moscow.

Vita vya Korea vilivyozuka Juni 1950 vilibadili sura ya msaada. Sheria mpya ya Oktoba 1951 iliunganisha msaada wa uchumi na wa kijeshi chini ya usimamizi mmoja, na macho yakageukia Asia, kisha Amerika ya Kusini na Afrika. Truman alikuwa amekwisha kutangaza Januari 1949 mpango wa kueneza ujuzi na teknolojia kwa nchi maskini. Tofauti ya msingi haikupewa uzito uliostahili. Ulaya ilikuwa na wahandisi, mabenki, wakusanya kodi, mahakama na vyama vya siasa vilivyokuwapo kabla ya vita, na kilichopungua ni vifaa na fedha za kuviagiza. Katika nchi nyingi zilizofuata, taasisi hizo ndizo zilizokuwa hazijajengwa.

Vietnam Kusini inalionyesha hili waziwazi kwa sababu utaratibu uliotumika huko ulikuwa ule ule wa trekta la Ufaransa. Kuanzia 1955, wafanyabiashara wa Saigon waliopewa leseni waliagiza bidhaa zilizolipiwa kwa dola za Marekani, wakalipa kwa piasta, na piasta hizo zikaingia akaunti maalumu kwa matumizi ya serikali. Lakini hapakuwa na Jean Monnet wala mtandao wa viwanda unaongoja mtaji. Piasta zililipa mishahara ya askari na watumishi wa serikali, na bidhaa zilizoingia zilikuwa kwa sehemu kubwa za matumizi ya kawaida ya watu wa mjini. Maduka ya Saigon yalijaa. Leseni za kuagiza zikawa hazina ya upendeleo, kwa kuwa aliyepata dola kwa bei rasmi alikuwa amekwisha pata faida kabla ya kuuza chochote. Serikali, ikiwa inapata mapato yake kutoka melini, haikulazimika kukusanya kodi ya maana kwa raia wake, na kwa hiyo haikulazimika kujadiliana nao. Vijijini, ambako ndiko wapiganaji wa kikomunisti walikokuwa wakipata wafuasi kwa suala la ardhi, sehemu ndogo tu ya neema hiyo ilifika. Msaada ulinunua utulivu wa mji mkuu, na mwaka 1975 taifa lote liliporomoka pamoja na mji huo.

Taiwan na Korea Kusini zilipata misaada mikubwa ya Marekani kwa sababu zile zile za hofu, na zote mbili zilifika mbali. Msaada wa uchumi kwa Taiwan ulimalizika mwaka 1965 kwa sababu haukuhitajika tena. Katika nchi hizo mbili ardhi iligawiwa upya kwa wakulima mapema, kwa hiyo hoja kubwa ya wakomunisti mashambani iliondolewa na serikali zenyewe. Amerika ya Kusini, Rais Kennedy alitangaza mwaka 1961 mpango mkubwa wa ushirikiano baada ya mapinduzi ya Cuba, mpango ambao pia ulizungumzia mageuzi ya ardhi, lakini wenye ardhi walikuwa ndio wenye serikali katika nchi nyingi, na miaka ya sitini ikaisha kwa mfululizo wa tawala za kijeshi.

Kuna upande mwingine wa silaha hii, nao ni kuinyima nchi msaada ili kuiadhibu. Julai 1956 Waziri John Foster Dulles aliiondoa ahadi ya Marekani ya kugharimia Bwawa la Aswan nchini Misri, baada ya kiongozi wa nchi hiyo, Gamal Abdel Nasser, kununua silaha kutoka kambi ya Kisovieti na kuitambua China ya kikomunisti. Wiki moja baadaye Nasser aliutaifisha Mfereji wa Suez, na miaka miwili baadaye Wasovieti wakakubali kugharimia bwawa. Adhabu ilikuwa imempa Moscow nafasi ambayo isingeipata kwa urahisi.

Afrika Mashariki ilikutana na mantiki hiyo mapema. Ujerumani Magharibi ilikuwa na siasa iliyojulikana kwa jina la Hallstein, iliyozitisha nchi zitakazoitambua Ujerumani Mashariki kwamba uhusiano na msaada vitavunjwa. Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, iliitambua Ujerumani Mashariki, ambayo ilianza kuwajengea watu nyumba za ghorofa Kikwajuni. Muungano ulipofanyika Aprili mwaka huo, Mwalimu Nyerere alirithi tatizo hilo. Alitafuta njia ya katikati, Ujerumani Mashariki ibaki na ubalozi mdogo Dar es Salaam bila kutambuliwa rasmi kama nchi. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, haikuridhika, na mwanzoni mwa 1965 ikawaondoa wataalamu wake wa kijeshi. Nyerere akajibu kwa kuitaka iondoe pia misaada mingine ya serikali yake. Mwishoni mwa mwaka huo Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu ya uasi wa walowezi wa koloni lake la Rhodesia (Zimbabwe ya leo), na mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa ukiandaliwa ukazuiwa. Onyo la Azimio la Arusha la Februari 1967, kwamba kutegemea misaada na mikopo ya nje kunahatarisha uhuru, lilitoka kwa watu waliokwisha kuyaona hayo kwa macho yao.

Reli ya TAZARA ilizaliwa katika mazingira hayo hayo. Benki ya Dunia ilikuwa imekwisha kusema kwamba reli ya kutoka Zambia hadi Dar es Salaam haina faida ya kiuchumi, na serikali za magharibi hazikujitokeza kuigharimia. China ilijitokeza. Mkataba ulitiwa saini Beijing Septemba 1967, ujenzi ukaanza 1970, na reli ya kilomita 1,860 ikakabidhiwa mwaka 1976. Mkopo haukuwa na riba. Sehemu ninayoiona kuwa ya kusisimua zaidi ni namna gharama za ndani, kama vile mishahara ya vibarua, zilivyolipwa. Tanzania na Zambia zilipokea bidhaa za Kichina kwa mkopo, zikaziuza kwa wananchi wao, na shilingi na kwacha zilizopatikana madukani zikagharimia ujenzi. Huo ni utaratibu wa trekta la Ufaransa, ukitumiwa safari hii na nchi ya kikomunisti, na fedha zake za ndani zikaishia kwenye reli ambayo serikali mbili huru zilikuwa zimeitaka wenyewe. Marekani, kwa upande wake, iligharimia barabara kuu ya kwenda Zambia katika miaka hiyo hiyo, kwa hiyo msafiri wa Mbeya akapata njia mbili kutoka kwa wapinzani wawili. Nchi isiyofungamana na upande wowote iliweza, kwa kiasi fulani, kuugeuza ushindani huo uwe na manufaa kwake.

Kongo haikupata bahati hiyo. Mobutu Sese Seko, aliyetwaa madaraka Novemba 1965, aliendelea kupokea misaada ya Marekani, Ubelgiji na Ufaransa kwa sababu nchi yake ilipakana na Angola, ambayo serikali yake ilisaidiwa na Moscow tangu 1975, na kwa sababu alisema maneno yaliyotakiwa kuhusu ukomunisti. Mjerumani Erwin Blumenthal, aliyepelekwa na Shirika la Fedha la Kimataifa kusimamia Benki Kuu ya Zaire (jina la Kongo wakati huo) mwaka 1978, aliandika baadaye ripoti iliyoeleza kwamba wizi wa watawala ulikuwa umejengeka ndani ya mfumo na kwamba wakopeshaji wasitarajie kulipwa. Mikopo iliendelea baada ya ripoti hiyo. Hakuna aliyedanganywa. Katika Ulaya ya 1948, ofisa wa Marekani aliyeshikilia faranga za akaunti maalumu aliweza kudai bajeti iliyonyooka. Kinshasa, mpokeaji ndiye aliyeshikilia turufu, kwa kuwa alijua kwamba wafadhili waliogopa zaidi kumpoteza kuliko walivyochukizwa na wizi wake.

Turufu hiyo ilimponyoka Ukuta wa Berlin ulipoanguka. Mwaka 1990, baada ya wanafunzi kuuawa katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Ubelgiji ilisitisha msaada wake kwa Mobutu, na Bunge la Marekani nalo likaufunga mfereji. Novemba 1991 wafadhili wa Kenya waliokutana Paris walizuia misaada mipya wakidai mageuzi ya siasa na uchumi, na mwezi uliofuata kifungu cha 2A, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee cha halali, kikafutwa kwenye katiba. Kifungu hicho kilikuwapo tangu 1982, na kwa muda wote huo msaada ulikuwa ukiingia.